Chakula Chini, Maji Juu: Vimeng'enywa na Udongo wa Kufunikia Uyoga katika Nyumba za Dodoma

Mwezi wa tisa mwaka jana jirani yangu wa Nkuhungu aliniita nikaangalie mifuko yake ya uyoga. Ilikuwa mifuko kumi na miwili ya mamama, imepangwa juu ya kichanja katika chumba cha nyuma, na utando mweupe ulikuwa umekwisha kuenea hadi chini kabisa. Tatizo lilikuwa juu. Alikuwa amefungua midomo ya mifuko na kuijaza udongo wa bustani uliochanganywa na samadi, unene wa vidole vinne, na udongo huo sasa ulikuwa umefunikwa na ukungu wa kijani mithili ya unga wa mlonge. "Jirani, niliambiwa uyoga usipofunikwa udongo hautoki," alinieleza, "nami nikaona nisiweke udongo mtupu, niutie rutuba kidogo ili uzae zaidi."

Alilolifanya lina mantiki kamili kwa mtu aliyelima mtama na alizeti maisha yake yote, kwa maana shambani udongo ndio unaolisha mmea na samadi ndiyo inayolisha udongo. Uyoga haufuati njia hiyo. Jirani yangu alikuwa amekosea mara mbili kwa mkupuo mmoja: alifunika aina ya uyoga isiyohitaji kufunikwa, kisha akatia rutuba mahali ambapo rutuba ni adui. Makosa haya nimeyakuta katika nyumba nyingi hapa mjini, na yote yana shina moja, nalo ni kuchanganya vitu viwili ambavyo kazi zake hazifanani hata kidogo: chakula cha uyoga, na tabaka linalowekwa juu ya chakula hicho.

Kila tabaka na kazi yake

Uyoga si mmea bali ni kuvu. Hauna majani ya kutengenezea chakula kwa msaada wa jua, kwa hiyo hula kile ambacho mmea mwingine ulikwisha kukitengeneza. Nyuzi zake nyembamba, ambazo zikikusanyika tunaziita utando, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha sehemu ngumu za mmea mkavu, yaani selulosi na lignini, halafu hufyonza kilichoyeyuka. Mabua, majani makavu na maganda tunayoupa uyoga kwa kazi hiyo ndiyo maofisa ugani huyaita vimeng'enywa, na humo ndimo kilipo chakula chote. Baada ya mbegu, yaani utando uliooteshwa kwenye nafaka, kupandwa humo, hakuna haja ya kuongeza chakula kingine kutoka juu.

Tabaka la kufunikia ni jambo jingine. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, maana yake ni kwamba kila kilo moja unayovuna imebeba karibu gramu 900 za maji ambayo sharti yawe yametoka mahali fulani. Baadhi ya aina huyatoa ndani ya vimeng'enywa vyenyewe. Nyingine, hasa zile ambazo porini huchomoza kutoka ardhini, hutegemea tabaka la udongo wenye unyevu lililo juu ya chakula chao, na hulitumia tabaka hilo kama kisima, kama kivuli dhidi ya upepo, na kama mahali pa kupumulia. Tabaka hilo likiwa na chakula, wageni hufika kabla ya mwenyeji, kwa kuwa ukungu wa kijani uitwao Trichoderma hukua kwa kasi kuliko uyoga wowote tunaoufuga. Kwa hiyo vimeng'enywa vinatakiwa kuwa tajiri, na udongo wa kufunikia unatakiwa kuwa maskini. Ukilishika hilo, maelekezo mengine yote yanapata maana.

Swali linalofuata ni uyoga upi unahitaji kufunikwa. Mamama, ambao kwa jina la kisayansi ni Pleurotus, kiasili huota kwenye magogo na hauhitaji udongo hata chembe. Inatosha mfuko kuchanwa pembeni ukapata hewa na unyevu. Uyoga wa mpunga, Volvariella volvacea, nao hauhitaji. Wanaohitaji ni wawili wanaosikika zaidi: uyoga wa vifungo, Agaricus bisporus, ule mweupe wa mviringo unaouzwa kwenye maduka makubwa, na uyoga wa maziwa, Calocybe indica, ambao asili yake ni India. Uyoga wa vifungo usipofunikwa hutoa vichache sana au hautoi kabisa.

Hapa hali ya hewa yetu inaingia katika uamuzi. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, usiku wa Juni na Julai ni baridi, lakini Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30. Uyoga wa vifungo unahitaji nyuzi 15 hadi 18 wakati wa kuzaa, na kuidumisha hali hiyo kwa wiki kadhaa bila mashine ya kupoza ni mateso. Uyoga wa maziwa unapenda nyuzi 30 hadi 35, joto ambalo sisi tunalipata bure. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba ajifunze vimeng'enywa kwa mamama, kisha ajifunze kufunika kwa uyoga wa maziwa akiipata mbegu yake, na amuulize anayemuuzia mbegu jina la kisayansi la aina hiyo, kwa sababu utando wa aina zote ni mweupe na chupa moja haitofautiani na nyingine kwa macho.

Mabua ya kwetu

Vitabu vingi vya uyoga vinazungumzia majani ya ngano, ambayo hapa kwetu hatuna. Tulichonacho kwa wingi ni mabua ya mtama na uwele, magunzi na mabua ya mahindi kutoka upande wa Kongwa na Kibaigwa, maganda ya karanga, maganda ya alizeti, na majani makavu ya mpunga kutoka Bahi. Kati ya hivyo vyote mimi huyapa majani ya mpunga nafasi ya kwanza, kwa kuwa ni membamba, hunywa maji haraka na hayana sukari nyingi. Mabua ya mtama ni mazuri pia, lakini moyo wake una utamu unaovutia ukungu, kwa hiyo yanapaswa kupondwa kwanza, kukatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5, na kulowekwa katika maji ambayo baadaye humwagwa yote. Maganda ya karanga peke yake ni magumu kulowana. Yachanganye na kitu laini.

Kuna vitu viwili vya kwetu ambavyo ninawasihi wasomaji wavikwepe. Kimoja ni matawi yanayokatwa kwenye mizabibu wakati wa kupogoa, ambayo kwa sura yanafaa, lakini mashamba mengi ya zabibu hupigwa dawa ya ukungu, na dawa hiyo haina namna ya kujua kwamba kuvu hii umeipanda kwa makusudi. Kingine ni pumba, magunzi au maganda yaliyokwisha kuota ukungu ghalani. Mkoa huu hauhitaji kukumbushwa habari ya sumukuvu, kwani mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Kitu ambacho kwa sababu ya ukungu hakifai kulishwa mtu wala mfugo, usikiingize katika chumba cha uyoga. Vimeng'enywa bora vina rangi ya manjano angavu na harufu ya ghala kavu.

Baada ya kukata, loweka kwa saa 8 hadi 12. Kinachofuata ni kipimo cha maji, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Wengi hufundishwa kufinya konzi la vimeng'enywa na kuangalia: yakitoka matone machache, sawa, ukitoka mchirizi, yamezidi. Kipimo hicho ni kizuri kwa mkono uliozoea. Kwa ambaye hajazoea, mizani ni mwalimu bora. Mabua yaliyokauka ya kilo 10 yana takriban kilo 9 za kitu kikavu na kilo moja ya maji. Tukitaka unyevu wa asilimia 65, kilo hizo 9 zinatakiwa ziwe asilimia 35 ya uzito wote, kwa hiyo mzigo uliolowekwa na kuchujwa vizuri unapaswa kuwa na uzito wa takriban kilo 25 au 26. Ukifika kilo 30 umeingia asilimia 70, ambayo ni ukingoni, na ukizidi hapo maji hukaa kwenye nafasi za hewa, chini ya mfuko hugeuka tope lenye harufu ya uchachu, na utando husimama juu ya tope hilo bila kushuka. Ukiwa chini ya kilo 22 utando utaenea, lakini mavuno yatakuwa hafifu kwa sababu kisima ni kidogo.

Kisha inakuja kazi ya kupunguza vimelea, na hapa pana mkanganyiko mwingine unaostahili kufumbuliwa. Kuna kuua kila kiumbe, na kuna kupunguza walio dhaifu. Kwa mamama na uyoga wa maziwa unaoteshwa kwenye mabua matupu tunahitaji hilo la pili tu. Joto la nyuzi 60 hadi 80 likishika katikati ya mzigo kwa saa moja hadi mbili huua ukungu mwingi na wadudu, lakini huacha bakteria wanaopenda joto, ambao ni walinzi wa mahali hapo kwa kuwa hushindana na ukungu mpya unaoingia wakati wa kupanda mbegu. Vimeng'enywa vilivyoondolewa kila kiumbe kisha vikafunguliwa katika chumba cha kawaida ni kama nyumba isiyo na mwenyewe, na wa kwanza kupita ndiye atakayehamia. Kazi ya kuua vyote ifanywe tu pale ulipoongeza pumba nyingi, na kazi hiyo inataka chombo cha mgandamizo, hasa kwetu ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye takriban nyuzi 96.

Nyumbani pipa la lita 200 linatosha. Weka matofali na wavu chini, mimina lita 20 za maji, jaza mabua yaliyolowekwa ndani ya viroba, funika kwa turubai lililofungwa kamba, kisha anza kuhesabu muda pale mvuke unapotoka kwa nguvu kupitia juu, wala si pale ulipowasha moto. Saa mbili hadi tatu tangu hapo hutosha. Acha vipoe humo humo usiku kucha. Mbegu ikikutana na joto linalozidi lile la mwili wako huweza kufa.

Kwa wanaoona bei ya mkaa ni nzito, kuna njia ya chokaa bila moto, ambayo ninaipenda, ila neno lenyewe lina mtego. Kiswahili kinaita chokaa vitu vitatu. Kuna chokaa mbichi isiyozimwa, ambayo ikikutana na maji huchemka na huweza kuunguza ngozi na macho. Hiyo tuiache kabisa. Kuna chokaa iliyozimwa, ile ya kupakia kuta, ambayo huyafanya maji kuwa makali kwa upande wa nyongo, yaani kinyume cha uchachu, pH ya 12 na zaidi kidogo (pH ni kipimo cha uchachu, na 7 ni katikati). Na kuna chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa na ambayo hairuki zaidi ya pH ya 8 au hivi. Ya kulowekea ni ile iliyozimwa peke yake. Gramu 2 hadi 3 kwa kila lita zinatosha. Maji huyeyusha chini ya gramu 2 kwa lita, na kile kinachobaki chini ya pipa ni akiba ya kuziba nguvu inayoliwa na tindikali ya mabua na hewa. Mabua yazame kabisa kwa saa 12 hadi 18, yachujwe juu ya kichanja mpaka yaache kudondosha, ndipo yapandwe. Vaa glavu, na kinga macho. Chokaa ya kilimo haiwezi kufanya kazi hii hata ukiitia ndoo nzima, na nimewaona watu wakikata tamaa na njia yenyewe kumbe walikosea mfuko dukani.

Kuhusu pumba, mkono uwe mfupi. Nusu kilo kwa kilo 10 za mabua makavu huongeza naitrojeni ya kutosha. Anayetia kilo mbili akidhani mavuno yataongezeka mara nne ataongeza joto ndani ya mfuko na kuukaribisha ukungu wa kijani. Jasi, ambayo huchimbwa Itigi si mbali na sisi, inafaa kwa kiasi cha asilimia 1 au 2 kwa sababu huzuia vimeng'enywa kugandamana na haibadilishi sana uchachu. Mbegu ziwe asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa vimeng'enywa vilivyolowa, zigawanywe kwa matabaka, na mifuko iwekwe mahali penye hewa inayopita kati yake, kwa kuwa utando unaokula hutoa joto lake wenyewe na katikati ya mfuko huzidi joto la chumba. Mwezi wa Oktoba hilo pekee huweza kuharibu kazi yote ya mamama.

Vimeng'enywa vya uyoga wa vifungo ni habari tofauti, nami nitapita haraka. Havichemshwi tu, hupikwa kwa kuozeshwa, kwa mabua, samadi ya kuku au ya farasi na jasi, vikipinduliwa mara kwa mara huku rundo likipanda hadi nyuzi 70 au 80, kisha hushikiliwa kwenye nyuzi 58 hadi 60 kwa saa kadhaa na kushushwa taratibu mpaka harufu ya amonia iishe kabisa. Pua ikiwa bado inawashwa, usipande.

Udongo maskini unaoshika maji

Tuseme sasa sanduku lako la uyoga wa maziwa limekwisha kuwa jeupe juu hadi chini, jambo ambalo huchukua takriban wiki tatu. Huo ndio wakati wa kufunika, na si kabla. Utando ambao haujakamilisha kula hauna nguvu ya kupanda kwenye udongo, na sehemu zisizofikiwa zitakuwa za ukungu.

Udongo tunaoutafuta una tabia nne: unashika maji mengi, haushikamani kiasi cha kuziba hewa, una chumvi kidogo, na una pH ya 7 hadi 8. Ulaya na Marekani hutumia mboji ya vinamasi iliyochanganywa na chokaa, kitu ambacho hapa hakipatikani na ambacho kwa maoni yangu hatuna sababu ya kukililia. Tulicho nacho kinahitaji kupimwa tu. Njia yangu ni ya makopo. Natoboa chini makopo kadhaa, natia kilo moja ya udongo mkavu katika kila moja, namwagia lita moja ya maji taratibu, na baada ya nusu saa napima kilichoshuka kwenye bakuli. Mchanga mwekundu wa korongoni ulinirudishia maji mengi ndani ya dakika chache, kiasi cha mililita 700. Huo ukitumika utakauka kabla ya jua kutua. Udongo mweusi wa mbugani ulifanya kinyume chake: maji yalisimama juu yakameremeta kama kioo, udongo ukavimba na kujifunga, na kesho yake ulipokauka ulikuwa umepasuka nyufa zinazoingia kidole. Huo hushika maji, lakini hunyima pumzi. Kopo la tatu lilikuwa na tifutifu iliyochanganywa nusu kwa nusu na unga wa makumbi ya nazi ulioletwa kutoka pwani. Lilirudisha vijiko vichache tu, na nilipoitikisa ile mchanganyiko kiganjani iliachana chembe chembe. Hiyo ndiyo tabia tunayoitaka.

Asiyepata makumbi atumie samadi ya ng'ombe ya zamani, na hapa najua msomaji makini atanishika mkono, kwa kuwa nimetoka kusema rutuba ni adui. Samadi ninayoisema ni ile iliyokaa miaka miwili au zaidi, nyeusi, isiyo na harufu, ambayo majani yake hayatambuliki tena. Chakula chake chepesi kimekwisha kuliwa na viumbe vingine, kilichobaki ni kama sponji. Ile ya mwaka huu, hata ikiwa imekauka kwa jua, bado ni chakula. Udongo wa kuchanganyia uchimbwe chini ya sentimita 15 za juu, ambako mbegu za magugu na mabaki ya majani ni machache. Wapo wanaosifu udongo wa kichuguu kwa hoja kwamba uyoga hupenda kuota hapo. Ni kweli kwamba mchwa ni wafugaji wa uyoga kuliko sisi. Huleta majani yaliyotafunwa, huyajenga kuwa sega ndani ya vyumba vyenye unyevu na hewa, na kwenye sega hilo hulea kuvu ya Termitomyces ambayo wakati wa mvua hupenya udongo na kutokeza nje. Lakini uyoga ule hula sega, haule ukuta. Udongo wa ukuta wa kichuguu kwa kawaida una mfinyanzi mwingi kuliko udongo wa jirani yake, kwa hiyo usiuweke peke yake.

Chokaa ya kilimo sasa inapata kazi yake: konzi kadhaa kwa ndoo ya lita 20, ichanganywe vizuri, iachwe siku chache, kisha pima kwa karatasi za kupimia uchachu. Halafu udongo upashwe mvuke wenye nyuzi 60 hadi 65 kwa saa moja au zaidi kidogo. Usiuchemshe nusu siku ukidhani usafi ukizidi ndiyo salama. Katika udongo wa kufunikia wanaishi bakteria wa jamii ya Pseudomonas, na kwa uyoga wa vifungo imethibitika kwamba bakteria hao wanahusika moja kwa moja na kuzaa: utando hutoa gesi zinazouzuia wenyewe kuchipuza, bakteria huzila gesi hizo, na ndipo vichipukizi hujitokeza. Udongo uliouawa kila kilichomo hubaki mweupe kwa utando bila kuzaa. Zaidi ya hayo, joto kali huachilia amonia na manganizi kutoka kwenye udongo, na vyote viwili vinaudhi utando.

Lowesha udongo kabla ya kuuweka, mpaka ukiufinya ushikamane na kung'aa bila kudondosha. Utandaze sentimita 2 hadi 3 kwa uyoga wa maziwa, 4 hadi 5 kwa uyoga wa vifungo, usawa juu, bila kuushindilia. Nimeona watu wakiupigapiga kwa kiganja kama wanasiliba sakafu. Kila pigo linafunga matundu ambayo utando ungepitia. Kisha funika kwa gazeti lenye unyevu.

Upepo na chumvi

Mwongozo wowote ulioandikwa katika nchi ya mvua utakushauri hapa kufungua dirisha upate hewa. Ukifanya hivyo Agosti katika mji huu, upepo mkavu utaunyonya udongo wako kwa saa chache. Lakini ukifunga kabisa, hewa nzito ya kaboni inayotolewa na utando itajaa, na utando badala ya kuzaa utapanda juu na kutengeneza ngozi nyeupe isiyopitisha maji. Hewa na unyevu sharti viingie pamoja. Mimi hutundika gunia la katani lililolowa mbele ya dirisha lenye wavu, ncha yake ya juu ikiwa ndani ya beseni la maji ili lijilowanishe lenyewe, na sakafuni humwaga mchanga unaolowekwa asubuhi na jioni. Maji ya kwenye udongo wenyewe hupulizwa kidogo kidogo kama umande, mara mbili au tatu kwa siku, kwa bomba ambalo halijawahi kutiwa dawa ya wadudu. Yakimwagwa kwa kikombe yatapenya hadi kwenye vimeng'enywa na kuozesha mpaka wa matabaka mawili, jambo ambalo utaliona siku kumi baadaye likiwa limekwisha kuchelewa.

Halafu kuna chumvi, na hili ningependa kila mfugaji wa uyoga wa kanda ya kati alichukulie kwa uzito. Visima vingi vyetu vina maji ya chumvi. Kwenye vimeng'enywa madhara yake ni madogo kwa sababu maji huingia mara moja tu. Kwenye udongo wa kufunikia huingia kila siku, hewa kavu hunyonya maji na kuiacha chumvi, na baada ya wiki mbili utaona utandu mweupe, mgumu kama ukoko, ambao mgeni huudhania kuwa ni utando wa uyoga. Uguse kwa kidole: utando ni laini na una nyuzi, chumvi hukwaruza na ukiionja ulimi hukwambia. Vichipukizi vinavyokutana na ukoko huo hugeuka kahawia na kukauka vikiwa na ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Kuyapima maji ni rahisi: chemsha kikombe kimoja kwenye sufuria safi mpaka yakauke na uangalie kilichobaki. Kama kuna ganda jeupe la kuonekana, tumia maji hayo kulowekea mabua na uyatafutie udongo maji mengine. Mvua ya Dodoma ni haba, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Hata hivyo mvua moja ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 40 ni lita 800, na sanduku moja la uyoga halimalizi hata lita mbili kwa siku.

Baada ya siku saba hadi kumi inua gazeti. Ukiona nyuzi nyeupe zimeanza kutokeza kwenye vibonde vya udongo, huku vilele vyake vikiwa bado na rangi ya udongo, ndiyo saa ya kuliondoa, kuongeza hewa na kuruhusu mwanga. Usisubiri pote pawe peupe. Mahali ambapo ngozi nyeupe imekwisha kujitokeza, ichane taratibu kwa uma na uinyunyizie udongo mwembamba uliouhifadhi kwa kazi hiyo. Vichipukizi vya uyoga wa maziwa huonekana kiasi cha siku kumi baada ya kufunika, na wiki moja baadaye huwa tayari kuvunwa. Vuna kwa kuzungusha na kung'oa, kisha ziba shimo lililobaki kwa udongo mpya, kwa kuwa kipande cha shina kilichobaki humo ni chakula, na chakula kwenye tabaka hili kina mwenyewe mwingine anayekisubiri.

Ile mifuko ya Nkuhungu tuliitoa nje, upande ambao upepo hauelekei nyumbani, tukakwangua udongo wote mpaka kwenye utando, tukafunga midomo na kuchana mipasuo miwili pembeni ya kila mfuko. Minne ilikuwa imekwisha kuingiwa na kijani, ikafukiwa. Minane iliyobaki ilitoa mamama kupitia mipasuo hiyo kabla ya mwezi kuisha. Udongo wenye samadi jirani yangu aliuanika juani, kisha akaupeleka kwenye matuta ya mchicha.